Kikuza Sauti cha Mama Mkwe

Mama mkwe alifanya kazi ya kuunganisha simu tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Enzi hizo ukitaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine ulimpigia kwanza yeye, ukamtajia namba, naye akachomeka waya kwenye tundu lake na kukuambia, "Endelea, yupo." Aliwatambua wateja kwa pumzi zao. Alikuwa akisema mtu akishika simu, kabla hajatamka neno, yeye keshajua kama ana habari njema au ana msiba. Na sikio hilo hilo lililomlisha maisha yote ndilo lililomtupa mkono alipofika uzeeni.

Aliishi na mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, pamoja na mkewe, ambaye mtaani aliitwa Mama Mapacha na chuoni aliitwa Mwalimu. Mama Mapacha alifundisha umeme katika chuo cha ufundi. Pacha wake walizaliwa akiwa bado masomoni, na asingeyamaliza masomo hayo kama si mama mkwe huyu, aliyewabeba watoto wale mmoja mgongoni na mmoja kifuani na kumwambia, "Nenda darasani, mwanangu. Hawa nitawaimbia mpaka wachoke wao." Sasa pacha walikuwa wamekua, wanavaa viatu vikubwa kuliko vya baba yao, na bibi aliyewaimbia alikuwa ameanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Watoto walicheka, na bibi mwenyewe alicheka. Mama Mapacha ndiye aliyeshindwa kucheka.

Walimnunulia kifaa cha kusikilizia. Alikivaa siku chache, kisha kikaonekana kimelala juu ya kabati.

"Mama, mbona hukivai?" mwanawe aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Kinakaanga," alisema mama.

"Kinakaanga nini?"

"Sijui kinakaanga nini, lakini mafuta yanachemka humo ndani kutwa nzima. Na watu wakinyamaza ndiyo kinazidi. Afadhali nisisikie kitu kuliko kusikiliza hicho."

Mama Mapacha alikichukua kile kifaa, akakipachika sikioni mwake, akaelewa. Sauti inayotoka kwenye maikrofoni ni dhaifu sana, lazima ikuzwe, na kinachoikuza ni chipu ndogo iliyojaa transista. Sasa kila transista ina mnong'ono wake yenyewe, hata pasipokuwa na mtu anayesema. Chipu iliyotengenezwa bila uangalifu hukuza maneno ya watu na kukuza mnong'ono wake palepale. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo, unalizoea kama unavyozoea feni. Kwa mwanamke aliyewahi kutambua watu kwa pumzi zao, ilikuwa kama kutukanwa sikioni mchana kutwa.

Dawa yake Mama Mapacha aliijua. Kabla ya kuwa mwalimu alifanya kazi katika kampuni iliyochora chipu za namna hiyo, na vikuza sauti vitulivu ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Angeweza kukaa chini na kuchora kimoja. Kilichomshinda kilikuwa kitu kingine, na hapo inabidi kueleza kidogo.

Anayechora chipu siye anayeitengeneza. Mchoraji anakaa na kompyuta yake. Kiwanda kiko mbali, pengine upande wa pili wa dunia. Ili mchoro ukubalike huko, lazima mchoraji awe na kifurushi cha kiwanda hicho, yaani mafaili yanayoeleza transista zao zina tabia gani, waya mbili ziruhusiwe kukaribiana kiasi gani, tabaka lipi linakaa juu ya lipi. Kwa chipu za hesabu, zile za ndiyo na hapana, mtu anaweza kufika mbali kwa kuunganisha vipande vilivyochorwa na wengine. Lakini chipu za analogi, zinazoshughulika na sauti au joto au mapigo ya moyo, vitu vinavyopanda na kushuka kidogo kidogo, hazitaki kukisia. Transista lazima uijue kama unavyomjua jirani: inachoka lini, inakasirika lini, ikibanwa inasemaje. Na vifurushi hivyo vilikuwa siri ya viwanda. Ulipewa kwa kutia saini, na ulipoondoka kazini uliondoka mikono mitupu. Mama Mapacha alipoiacha kampuni ile hakuruhusiwa kuchukua hata mstari mmoja wa kazi aliyoifanya kwa miaka.

Alipoanza kufundisha, chuo kiliomba kifurushi kwenye kiwanda kimoja. Kiwanda kiliuliza kama chuo kina wanasheria, na kama kompyuta zitakaa katika chumba chenye ulinzi. Mlango wa maabara ulikuwa unafungwa kwa kipande cha waya wa shaba.

"Tuwaambie ni mfumo wa kisasa wa shaba?" aliuliza mkuu wa chuo, ambaye alipenda utani hata siku mbaya.

Walisema ukweli, wakakataliwa kwa adabu kubwa. Kuanzia hapo Mama Mapacha alifundisha kwa chaki, na transista za kubuni ambazo hazikuwahi kuwepo katika kiwanda chochote. Wanafunzi waliliita somo lake "somo la imani," kwa kuwa walitakiwa kuamini vitu ambavyo wasingeviona kamwe.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumamosi moja asubuhi, mwanafunzi wake wa zamani alipompigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Uko kwenye kompyuta?"

"Marahaba. Niko jikoni."

"Basi zima jiko."

Alimweleza kwamba kiwanda kimoja kimeweka kifurushi chake mtandaoni, huria, bila saini wala mwanasheria. Kila mtu achukue, achore, arekebishe, amgawie mwenzake. Mama Mapacha alimuuliza mara mbili kama amesoma vizuri. Kisha akazima jiko kweli, akawaambia watu wa nyumbani watajua wenyewe chakula kitapikwa na nani, akaenda chuoni.

Mtandao wa chuo ulikuwa wa kujivuta, na mafaili yale yalikuwa mengi. Yaliingia moja moja kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Yalipokamilika aliyafungua na kuanza kusoma. Pembeni yake alikaa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Rula, msichana asiyeweza kuona mstari umepinda bila kuunyoosha, hata kama mstari wenyewe ni wa mtu mwingine. Baada ya muda Rula aligeuka, akaona mwalimu wake anapangusa macho.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Mama Mapacha. "Wameandika hata unene wa tabaka la oksidi ndani ya transista."

Rula aliangalia ile namba. Hakuona kitu cha kuliza mtu, lakini alikuwa na adabu, akaendelea kusoma.

Muhula ule wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliamua kwamba kazi yao ya pamoja itakuwa kikuza sauti cha mama mkwe wa Mwalimu. Kulikuwa na mpango wa kukusanya michoro ya vyuo na kuitengeneza kwa pamoja kwenye sahani moja ya silikoni, ile inayokatwa kuwa chipu, kama watu wanaochangia lori la mizigo, na chuo chao kilipata nafasi humo. Walichora, wakafuta, wakachora tena. Rula alipita nyuma ya kila mmoja akipima nafasi kati ya waya na waya. Mwishowe walijaribu mchoro kwenye kompyuta, na majibu yalipotoka darasa zima likapiga makofi. Mnong'ono haukuwepo. Mstari wake kwenye grafu ulilala chini kabisa.

Mama Mapacha hakupiga makofi.

"Hakuna transista nyamavu hivi," alisema. "Ama tumekosea sisi, ama kifurushi kinatudanganya."

Aliandika swali kwenye jukwaa la watumiaji wa kifurushi kile. Aliandika kwa woga kidogo, maana katika kampuni aliyotoka, kuuliza hadharani kulikuwa sawa na kujianika. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, kutoka kwa mtu aliyejiita Kelele.

"Macho yako ni mazuri," Kelele aliandika. "Namba za mnong'ono humo zilijazwa kwa kukadiria tu, ili faili lisibaki na pengo. Mimi nina transista halisi za kiwanda hicho mezani na ninazipima sasa hivi. Nipe muda kidogo, nitaziweka zilivyo. Utakasirika ukiziona."

Na kweli alikasirika. Namba za kweli zilipowekwa, kikuza sauti chao kilikuwa na mnong'ono mkubwa kuliko kile kifaa kilicholala juu ya kabati. Darasa lilinyong'onyea. Kijana mmoja alisema bora wangebaki na namba za zamani, walikuwa na raha zao.

"Raha ya kwenye kompyuta," alisema Mama Mapacha. "Mama angeivaa sikioni?"

Alimwandikia Kelele kumshukuru na kumweleza ni kazi gani wanayoifanya na ni ya nani. Kuanzia hapo Kelele akawa kama mtu wa darasa lao. Aliwashauri transista mbili za mlangoni, zile zinazopokea sauti kwanza, zifanywe kubwa zaidi, maana transista pana hunong'ona kidogo kuliko nyembamba. Akawaonyesha mbinu ya kuigeuza sauti huku na huku kwa kasi ili mnong'ono usukumwe juu, mahali ambapo sikio halifiki. Walipokosea alisema wamekosea, bila kuwazungusha. Walipopatia alisema, "Sawa," basi. Ilifika mahali wanafunzi wakikwama wanasema, "Tumuulize Mzee Kelele," kwa kuwa walikwishamchora vichwani mwao: mzee mwenye upara, miwani minene na kahawa iliyopoa, aliyestaafu kiwandani na kukataa kupumzika.

Mchoro ulikamilika, ukapita ukaguzi wote. Walikuwa wanasubiri lori lao la mizigo liondoke, ndipo tangazo likatoka. Kiwanda kinaifunga ile laini ya uzalishaji. Sahani zilizopangwa hazitatengenezwa.

Mama Mapacha aliwahi kuyaona hayo alipokuwa kwenye kampuni. Laini ilifungwa, na kazi ya watu wengi ikatupwa, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na kifurushi chake kilichoandikwa kwa namna yake. Kuhamisha mchoro wa analogi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kulikuwa sawa na kuanza upya. Alirudi nyumbani mchana, akamkuta mama mkwe sebuleni anakunja nguo.

"Mbona mapema?" mama aliuliza.

"Kiwanda kimefunga, Mama."

"Kidonda kimefunga? Basi shukuru, mwanangu. Mimi hata sikujua kama umeumia."

Mama Mapacha alijaribu kumrekebisha, akashindwa, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko hicho akajikuta analia. Mama mkwe aliweka nguo pembeni. Alikuwa hasikii vizuri, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alimsogezea kiti na kumkabidhi simu yake.

"Niandikie. Sauti yako leo siipati."

Aliandika yote kwenye simu, na mama akayasoma polepole, miwani ikiwa puani.

"Mchoro wamewanyang'anya?" aliuliza alipomaliza.

Mama Mapacha alitikisa kichwa kukataa.

"Basi peleka kwa fundi mwingine. Mimi cherehani ya fundi wangu ikiharibika, kitambaa nampelekea wa pili."

Alisema hivyo akarudia kukunja nguo zake, kana kwamba jambo limekwisha. Mama Mapacha hakuwa na moyo wa kumweleza kwamba kwenye chipu haiwi hivyo, kwamba kwenye chipu kila fundi ana futi yake na hakubali kitambaa kilichokatwa kwa futi ya mwingine. Akamsaidia kukunja.

Asubuhi iliyofuata alikuta ujumbe wa Kelele.

"Nimesikia habari mbaya. Usianze upya. Kuna kiwanda kingine kimefungua kifurushi chake, na sisi wengine tumekuwa tukivipanga vifurushi hivi viwili kwa mtindo mmoja. Transista zinaitwa kwa majina yale yale, miguu yake imepangwa kwa mfuatano ule ule, programu ile ile inavisoma vyote. Vipimo ndivyo vinavyotofautiana. Kilichokusudiwa ni mtu kama wewe asipotelewe na kazi. Jaribu, kisha niambie palipokwaruza."

Mama Mapacha aliusoma ujumbe ule amesimama, akakaa, akausoma tena. Kisha akaenda darasani na kuwaambia wanafunzi wafungue kompyuta.

Palikwaruza, tena si kidogo. Umeme wa kiwanda kipya ulikuwa na nguvu tofauti, na transista zake zilikuwa na tabia zake. Ilibidi zile mbili za mlangoni zipanuliwe tena, na sehemu moja ya mchoro iondolewe kabisa na kuchorwa upya. Lakini mifupa ya kazi ilibaki ile ile. Majaribio waliyoyaandika kwa kifurushi cha kwanza yalikubali kwenye cha pili, na kila walipobadilisha kitu waliona palepale kama wanasogea au wanarudi nyuma. Rula alikuta kanuni moja ya nafasi imenakiliwa vibaya kwenye kifurushi kipya, akairekebisha, akatuma marekebisho kwa wenye kifurushi, yakapokelewa na jina lake likaandikwa pale. Siku ile alitembea chuoni amenyooka kuliko hata mstari.

"Tulikuwa tunatarajia kukaa na hii kazi miaka," Mama Mapacha alimwambia mumewe wakati wanakula. "Tumeihamisha ndani ya muhula mmoja, Baba Mapacha. Muhula mmoja, na watoto wana mitihani mingine."

Mumewe hakujua tofauti ya transista na kokoto, lakini alimjua mkewe. Alimwongezea chakula kwenye sahani bila kuulizwa.

Chipu zilifika katika kiboksi kidogo, ndani ya sponji, kila moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Darasa zima lilijibana maabara. Waliichomeka moja kwenye kibao walichokitengeneza, chenye maikrofoni na spika, wakawasha umeme, wakasubiri. Hakukuwa na kitu. Wakaangalia waya, wakaangalia betri. Hatimaye Rula alisogea, akainama, na kusema kwa upole kwamba chipu imewekwa kinyume. Alama ya nukta iko upande usio wake. Aliyeiweka alikuwa Mwalimu mwenyewe. Walicheka wote, naye akiwa wa kwanza, akaigeuza huku akiomba moyoni isiwe imeungua.

Safari hii pia walidhani haifanyi kazi, kwa kuwa kwenye spika hakukusikika chochote. Hakukuwa na ule mkaango. Kisha kijana aliyesimama nyuma kabisa akajikuna kidevu, na maabara nzima ikasikia ndevu zake.

Mwingine akakunja karatasi taratibu, ikasikika. Chumba cha jirani mtu alikuwa anaandika ubaoni, na chaki yake ikaja kwenye spika, wazi, herufi kwa herufi. Mama Mapacha aliinamisha kichwa juu ya meza. Wanafunzi waliokuwa karibu waliangalia pembeni ili wampe nafasi.

Kifaa chenyewe kilipotoka kilikuwa kijiboksi cha kuning'iniza shingoni, chenye waya mwembamba wa kwenda sikioni. Hakikuwa kizuri. Walikipeleka kwanza kwa daktari wa masikio, mwanamke mpole asiye na haraka, ambaye alimpima mama upya, akapanga ukomo wa sauti ili isimdhuru, na kukijaribu mwenyewe kabla ya kumvalisha.

"Nimeambiwa umekichora wewe," alimwambia Mama Mapacha.

"Tumekichora wengi, daktari. Wengine hata siwajui sura."

Mama mkwe hakusema kitu pale kwa daktari, wala njiani. Mwanawe alianza kuingiwa na wasiwasi. Walipofika nyumbani mama aliketi sebuleni, mikono mapajani, akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Ile friji," alisema hatimaye, "inalalamika nini?"

Kila mtu alimtazama fundi wa majokofu. Friji ile ilikuwa inagongagonga tangu mwaka juzi, na kila siku alisema ataiangalia.

"Ni kitu kidogo, Mama," alisema.

"Kitu kidogo na kinapiga ngoma? Wateja wako wanajua?" Kisha akainua kidole, wanyamaze. Pacha walikuwa chumbani mwao wakibishana kwa kunong'ona nani aende dukani. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mdogo ndiye mwenye haki," alisema kwa sauti. "Mkubwa, zamu ni yako."

Mabishano yalikatika. Halafu mlango ukafunguka polepole, na pacha wale wakubwa, wenye viatu vya kumshinda baba yao, wakatoka na kuja kukaa sakafuni miguuni pake, kila mmoja upande wake. Mkubwa alimnong'oneza kitu, kimya kimya, kumjaribu. Bibi alimjibu. Hakuna mwingine aliyejua walisema nini, na hawakuulizwa.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Mama mkwe alimwita kwa mkono.

"Njoo hapa, mwanangu. Sema kitu."

"Niseme nini, Mama?"

"Hicho hicho." Alifumba macho. "Sauti yako imekua. Nilikuwa bado nina ile ya zamani."

Wiki ile Mama Mapacha alimwomba Kelele wazungumze kwa video, kwani ana jambo la kumwambia, lake na la wanafunzi wake, ambalo si swali. Mazungumzo hayo aliyafanyia nyumbani, mchana wa Jumapili. Alitengeneza nywele, akavaa kitenge kizuri, akamkalisha mama pembeni yake. Picha ilipofunguka, alitokea mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga begani, akimpigapiga mgongoni ili acheue.

"Samahani," Mama Mapacha alisema, "nilikuwa namtafuta Mzee Kelele."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo. Uzee bado, lakini kelele ninazo, huyu hapa," alisema akimgeuza mtoto.

"Marahaba." Mama Mapacha alibaki amefunika mdomo kwa kiganja. "Wanafunzi wangu wamekuchora na upara."

Kelele alicheka mpaka mtoto akashtuka. Alisema jina lile alipewa kazini, kwa kuwa siku zote alikuwa anapima kelele za transista, kazi ambayo wenzake waliikimbia kwa kuwa ni ya polepole na haionekani. Zile transista zao alizipima akiwa mjamzito. Alikuwa hawezi kusimama sana, akaona afanye kazi ya kukaa.

Mama Mapacha alikuwa amepanga maneno yake vizuri, yakampotea. Alisema tu kwamba chipu inafanya kazi. Akasema kwamba alifundisha miaka mingi kwa transista za kubuni, na hakutegemea kumaliza maisha yake ya kazi akiwa ameshika ya kweli. Akasema asante, akasema tena.

Kelele alimhamishia mtoto bega la pili.

"Unajua," alisema, "watu wanatuandikia wakikwama. Ni haki yao, ndiyo maana tupo. Ila aliyepiga simu kwa ajili ya kushukuru ni wewe wa kwanza."

Hapo mama mkwe akasogea mbele, akaweka kijiboksi chake karibu na spika ya kompyuta.

"Wewe ndiye Kelele?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Waliokupa hilo jina hawana masikio. Una sauti ya mtu aliyelala vibaya, lakini ni sauti nzuri." Alisikiliza kidogo. "Mtoto ana mafua?"

Kelele alimtazama mtoto, akamwekea sikio kifuani.

"Kidogo," alisema kwa mshangao. "Mimi mwenyewe nimegundua leo asubuhi."

"Mnyanyue kichwa akilala," alisema mama, na wawili hao wakaendelea kuzungumza mambo ya kulea mpaka Mama Mapacha akaona yeye hahitajiki. Alinyanyuka taratibu akaenda kupasha chakula. Kutoka jikoni alisikia sauti ya mama mkwe, ile ya kazini, ya chini na iliyonyooka, ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Alisimama akaisikiliza, akasahau alichofuata.

Mwezi uliofuata yeye na Rula waliweka mchoro wao wote mtandaoni pamoja na vipimo vya chipu halisi, vizuri na vibaya, hata ile habari ya kuiweka kinyume. Baada ya muda alipata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu, mwalimu wa chuo kidogo kama chao. Alitaka kutengeneza kifaa cha kusikiliza mioyo ya watoto wachanga, na aliuliza kwa maneno mengi ya kuomba radhi kama anaweza kukitumia kikuza sauti kile, na aombe ruhusa kwa nani.

Mama Mapacha alimjibu kabla ya kuingia darasani. Alimwambia achukue, hakuna wa kumwomba. Akamwonyesha mahali pa kupanua transista za mlangoni, maana mapigo ya moyo yana mlio mzito kuliko sauti za watu, na huko chini mnong'ono huzidi. Akamwambia pia akikwama kwenye vipimo kuna mtu anayejiita Kelele, amuulize, ila asubiri kidogo, ana mtoto mdogo.